Kampasi Ndogo ya Miaka Miwili: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kutuma Hata Shilingi

Msimu wa barua umefika. Kuanzia katikati ya Machi hadi siku za kwanza za Aprili, vyuo vikuu vingi vya Marekani hutoa majibu kwa walioomba nafasi, na hapa Kenya kuna familia zinazolala simu ikiwa mkononi. Wengi wanajua majibu matatu: umekubaliwa, umekataliwa, au umewekwa kwenye foleni ya kusubiri. Lakini kuna jibu la nne ambalo huwachanganya wazazi: umekubaliwa, ila utaanza kwenye kampasi ndogo, usome huko miaka miwili, kisha uhamie kampasi kuu.

Hapo ndipo mjadala unapoanza. Baba anauliza kama hiyo ni diploma. Shangazi anauliza kama mtoto amepewa nafasi ya kubahatisha. Mtoto mwenyewe ana hadi tarehe 1 Mei kujibu, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo vyuo vingi vya huko husubiri jibu la mwisho.

Sisi kazi yetu ni pesa za simu. Hatumchagulii mtu chuo. Lakini karo, michango ya harambee na akiba za chama hupita mikononi mwa wateja wetu kila siku, na pesa nyingi za familia hupotea kwa sababu swali muhimu liliulizwa baada ya malipo badala ya kabla. Basi tukae chini tuipime hii kampasi ndogo pole pole.

Kampasi ya miaka miwili ni kitu gani hasa?

Kwanza tutenganishe aina tatu, kwa maana watu huziweka kwenye kapu moja.

Aina ya kwanza ni kampasi ndogo ambayo ni sehemu kamili ya chuo kikuu. Ukikubaliwa huko, umekubaliwa na chuo chenyewe. Ukimaliza miaka miwili na kutimiza masharti, unaendelea kampasi kuu bila kuomba upya. Mfano mzuri ni Oxford College ya Chuo Kikuu cha Emory, jimbo la Georgia.

Aina ya pili ni chuo kikuu cha jimbo chenye kampasi nyingi. Penn State, kule Pennsylvania, ni maarufu kwa mpango wa miaka miwili kwenye kampasi ya mashinani na miwili kwenye kampasi kuu ya University Park. Anayeomba kampasi kuu anaweza kupewa kampasi nyingine badala yake.

Aina ya tatu ni vyuo vya jamii vya miaka miwili. Hivi ni taasisi zinazojitegemea. Karo yake huwa nafuu, lakini kuhamia chuo kikuu baadaye ni ombi jipya, na kila mahali pana masharti yake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: baada ya miaka miwili, mtoto *anaendelea* au *anaomba tena*? Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa, na tofauti yake inaweza kuwa mamilioni ya shilingi.

Oxford ipi?

Tuchukue Emory kama mfano, kwa sababu ndiyo inayochanganya watu zaidi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1836 katika mji mdogo uitwao Oxford, jimboni Georgia. Waanzilishi walikuwa Wamethodisti, na mji wakaupa jina la Chuo Kikuu cha Oxford cha Uingereza, alikosomea John Wesley. Mwaka wa 1915 chuo kilipata hati mpya na makao yake makuu yakahamia Atlanta, kwa msaada mkubwa wa Asa Candler, mfanyabiashara aliyejenga kampuni ya Coca-Cola. Pale pa zamani hapakuachwa mahame. Leo ni Oxford College, yenye wanafunzi wapatao 1,000, wote wa mwaka wa kwanza na wa pili, kiasi cha kilomita 60 mashariki ya Atlanta.

Mwanafunzi anayeomba Emory hujaza fomu moja na kuchagua: kampasi ya Atlanta, Oxford, au zote mbili. Kwa hivyo aliyepata Oxford ni aliyeitia tiki mwenyewe. Akimaliza huko hupata shahada ndogo ya miaka miwili, kisha anaendelea Atlanta hadi shahada kamili ya Emory. Anayetaka shule ya biashara au ya uuguzi afuate utaratibu wa shule hizo na asome masharti yake mapema, maana zina mahitaji yao.

Mzazi, hapa tuna ombi moja. Ukituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba "mtoto wetu amepata Oxford", malizia sentensi. Sema ni Oxford ya Georgia, kampasi ya Chuo Kikuu cha Emory. Watu wanaochanga pesa zao wana haki ya kujua wanachangia nini. Ni chuo kizuri, hakihitaji kuazima sifa za Uingereza, na ukweli ukijulikana mwezi wa nne hautaleta maneno mwezi wa nane.

Faida ambazo jina halizionyeshi

Kusema ukweli, kampasi ndogo ina mambo ambayo mtoto kutoka Kitui au Kakamega anaweza kuyafurahia kuliko jiji kubwa.

Madarasa ni madogo. Mwalimu anakujua kwa jina, na usipofika anauliza uko wapi. Kwa mwanafunzi aliyetoka darasa la watu 60, ambaye hajazoea kubishana na mwalimu mbele ya wenzake, huo ni mwanzo mzuri.

Tena hakuna wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne. Maana yake uongozi wa vilabu, nafasi za kumsaidia mwalimu kwenye utafiti na kazi za maabara ziko wazi kwa wale wadogo. Kwenye kampasi kubwa, mwaka wa kwanza mara nyingi huwa ni wa kusubiri zamu.

Halafu kuna barua za mapendekezo. Mwanafunzi atakapoomba kazi ya likizo au masomo ya juu, atahitaji mwalimu anayeweza kuandika zaidi ya mistari miwili kumhusu. Barua hiyo hutoka kwa mtu aliyekuona kwa karibu.

Na yale yanayouma

Tusipake asali pande zote. Kampasi ndogo ina masomo machache ya kuchagua. Mtoto anayetaka somo lisilo la kawaida aangalie kama linaanza kufundishwa huko, au atangoja hadi mwaka wa tatu na kujikuta amechelewa.

Mji ni mdogo. Usafiri wa umma si kama wetu wa kusimama barabarani na kupungia matatu mkono. Ukihitaji duka, hospitali kubwa au uwanja wa ndege, unategemea basi la chuo, rafiki mwenye gari au teksi ya kulipia.

Kazi za ndani ya chuo pia zinaweza kuwa chache. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi kampasini isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Lakini ruhusa ya kufanya kazi na kazi yenyewe ni vitu viwili. Usiweke mshahara huo kwenye bajeti ya karo kabla mtoto hajaupata.

Jambo la mwisho, kuhama. Mtoto ataanza upya mara mbili: mara ya kwanza akitoka nyumbani, mara ya pili akiingia mwaka wa tatu kwenye kampasi ambako wenzake wamekaa miaka miwili na marafiki zao. Wengi huzoea. Ila ni vyema ajue mapema, na ajue hatakuwa peke yake, maana kundi lake lote linahama naye.

Hesabu: usidhani kampasi ndogo ni bei ndogo

Hapa ndipo wazazi wengi huteleza. Wanaona "ndogo", wanafikiri "nafuu". Kwenye vyuo vya umma vyenye kampasi za mashinani, karo huko inaweza kweli kuwa chini. Kwenye chuo cha kibinafsi kama Emory, gharama ya mwaka mzima, yaani karo, malazi, chakula, bima na mengineyo, inapita dola 80,000. Tukichukua dola moja kwa shilingi 130, hiyo ni zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Bila ufadhili mkubwa, kwa familia nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa tuseme ufadhili upo. Huu ni mfano wetu wa hesabu tu, si bei ya chuo chochote. Gharama ya mwaka wa kwanza ni dola 85,000. Ufadhili ni dola 77,000. Pengo ni dola 8,000, yaani shilingi 1,040,000. Familia inasema, hiyo tutajikaza. Mara nne, ni shilingi 4,160,000.

Lakini subiri. Je, ufadhili huo ni kiasi kisichobadilika, au unapanda karo inapopanda? Tuseme gharama zinapanda kwa asilimia 4 kila mwaka na ufadhili umesimama pale pale:

- Mwaka wa kwanza: pengo ni dola 8,000
- Mwaka wa pili: gharama ni dola 88,400, pengo dola 11,400
- Mwaka wa tatu: gharama ni dola 91,936, pengo dola 14,936
- Mwaka wa nne: gharama ni takriban dola 95,613, pengo dola 18,613

Jumla ya pengo ni kama dola 52,949, karibu shilingi milioni 7. Ile milioni 4 ya kujikaza imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Na tazama inapokaza zaidi: mwaka wa tatu, wakati ule ule mtoto anahamia kampasi kubwa, anatafuta chumba kipya na kubeba mizigo. Mwanafunzi anayekwama hapo anarudi nyumbani na nusu ya shahada na deni zima.

Kwa hivyo usiangalie pengo la mwaka wa kwanza peke yake. Uliza la mwaka wa tatu.

Maswali matano ya kuandikia chuo

Andika barua pepe kwa ofisi ya ufadhili na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Usipige simu tu, maana maneno ya simu hayana ushahidi. Uliza hivi:

1. Je, ufadhili huu ni wa miaka minne, au ni wa miaka miwili ya kampasi ndogo pekee?
2. Karo ikipanda, ufadhili utapanda?
3. Ni alama gani mwanafunzi lazima azishike ili asipoteze ufadhili na aendelee kampasi kuu?
4. Akihama kampasi, kuna ada mpya, na hati zake za uhamiaji zinahitaji mabadiliko gani?
5. Likizo za Desemba na za Mei hadi Agosti hosteli zinafungwa? Akibaki, analala wapi na kwa bei gani?

Majibu yakija, yahifadhi. Yapigie chapa. Miaka miwili ni mirefu, na mfanyakazi aliyekujibu leo huenda hatakuwepo wakati huo.

Kampasi yenyewe ikifungwa je?

Swali hili si la uchuro. Mwezi Mei 2025 bodi ya Penn State ilipiga kura kufunga kampasi zake 7 za mashinani baada ya muhula wa masika wa 2027. Sababu kubwa ni idadi ya wanafunzi iliyopungua kwa miaka mingi. Wanafunzi waliopo wamepewa njia za kuendelea kwenye kampasi nyingine za chuo hicho, lakini kuhama bila kupanga kunagharimu, hasa kwa mtu ambaye nyumbani kwao ni safari ya ndege mbili.

Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa sana. Tumeona matawi ya vyuo yakifunguliwa juu ya maduka mjini, kisha siku moja bango likashushwa. Kwa hiyo kabla ya kukubali, angalia kama kampasi ina historia, kama idadi ya wanafunzi inakua au inapungua, na kama jina lake limetajwa kwenye mipango ya kufunga au kuunganisha. Uliza moja kwa moja: mkifunga, mwanangu ataenda wapi na ni nani atalipa tofauti?

Sasa pesa: jinsi ya kulipa bila kulia

Gharama huanza kabla ya ndege. Kwa viza ya F-1, ada ya SEVIS ni dola 350, na ada ya kuomba viza imekuwa dola 185. Kwa kipimo chetu cha shilingi 130, hizo mbili ni shilingi 69,550. Hazirudishwi viza ikikataliwa. Hakikisha kiasi cha sasa kwenye tovuti rasmi kabla ya kulipa, maana ada hubadilika.

Chuo nacho kitataka uthibitisho wa pesa za angalau mwaka wa kwanza kabla ya kutoa fomu ya I-20. Hapa harambee ya dakika za mwisho husumbua. Pesa nyingi zikiingia kwenye akaunti kwa wiki moja, jiandae kueleza zimetoka wapi. Weka orodha ya michango, jina na kiasi, tangu siku ya kwanza.

Kumbuka pia mipaka ya pesa za simu hapa nchini. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku nzima ni shilingi 500,000. Lile pengo la mfano wetu la shilingi 1,040,000 lingehitaji miamala 5 kwa siku 3 kulihamisha tu kutoka simu hadi benki. Ukingoja hadi tarehe 30 Aprili jioni, hesabu haitatimia. Anza wiki mbili mapema.

Na sasa, tafadhali, soma hii mara mbili:

- Chuo kikuu hakiombi karo itumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Hakiombi, nukta.
- Maelezo ya malipo yachukue kwenye akaunti ya mwanafunzi ndani ya tovuti ya chuo, si kwenye picha iliyotumwa WhatsApp.
- Wakala anayesema "nitumie amana niishike nafasi" mwambie atatoa risiti ya chuo au hatapata kitu. Nafasi inashikwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye tovuti.
- Kabla ya kubonyeza, soma jina linalotokea kwenye skrini. Jina likiwa geni, simama.
- PIN ni yako peke yako. Hata mtoto mwenyewe aliyeko Georgia haihitaji.
- Ukituma kimakosa, usisubiri kesho. Ripoti papo hapo kwa huduma kwa wateja.

Kwa michango, tumia akaunti ya kikundi yenye zaidi ya mtu mmoja wa kuidhinisha malipo. Mweka hazina atume taarifa kwa wachangiaji kila wiki. Watu wakiona pesa zao zinakokwenda, mwaka wa pili watachanga tena. Na mtahitaji mwaka wa pili.

Usikate mti kabla ya kuushika mwingine

Wengi wanaopata nafasi hizi wamefanya KCSE na wana nafasi ya hapa nyumbani pia kupitia KUCCPS. Usiiachilie kwa sababu tu ya barua ya Marekani. Barua si viza. Soma masharti ya kuahirisha au kubadilisha nafasi, uweke tarehe zote mbili kwenye karatasi moja ukutani. Viza ikikataliwa mwezi wa saba, mtoto awe na darasa la kuingia.

Na akiwa na barua mbili za Marekani, moja ya kampasi kuu yenye pengo la dola 20,000 na nyingine ya kampasi ndogo yenye pengo la dola 3,000, msimwachie jirani awaamulie kwa kuangalia majina. Cheti cha mwisho kikiwa cha chuo kile kile, kuendelea kukiwa kwa uhakika, na ufadhili ukiwa wa miaka minne kwa maandishi, basi hiyo kampasi ndogo si kiti cha nyuma. Ni mlango wa pembeni wa nyumba ile ile.

Lakini yoyote kati ya hayo matatu likikosa jibu, usitume amana. Andika barua pepe leo, subiri jibu, kisha ndiyo ufungue simu. Anayeuliza njia hapotei, na amana ya chuo ni pesa ambazo mara nyingi hazina njia ya kurudi.

Kama una mtoto anayesubiri jibu msimu huu, mtumie makala haya pamoja na yeyote anayeshika pesa za harambee. Wakae, wajaze yale majibu matano, ndipo wahesabu shilingi.